Siku 84 na Baada Yake: Mwajiri na Familia ya Mfanyakazi

Kati ya haki ambazo sheria ya kazi inampa mfanyakazi mwenye familia huko Tanzania Bara, inayojulikana zaidi ni likizo ya uzazi ya siku 84. Hata hiyo inabishaniwa kila siku. Wapo wanaoamini kwamba anayelipa ni mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF, na mwajiri hadaiwi kitu. Wapo wanaodhani saa za kunyonyesha ni hisani ya meneja, hutolewa akiwa na moyo mzuri na hunyimwa akiwa amenuna. Wapo pia waajiri wanaohesabu bonanza la mwisho wa mwaka na semina moja ya afya ya akili kuwa wametimiza wajibu wao kwa ustawi wa wafanyakazi. Mkanganyiko huu una chanzo kimoja: maswali matatu yamefungwa kwenye furushi moja. La kwanza ni haki ipi imo katika sheria. La pili ni nani anayelipa gharama yake. La tatu, ambalo halizungumzwi sana, ni kama msaada unaotolewa unamfikia mfanyakazi pale anapobanwa kweli.

Sheria inadai nini

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inatoa siku 84 za likizo yenye malipo kwa mama anayejifungua mtoto mmoja, na siku 100 akijifungua zaidi ya mmoja. Mama anatakiwa kumwarifu mwajiri angalau miezi mitatu kabla ya tarehe anayotarajia kujifungua, na anaweza kuanza likizo wiki nne kabla ya tarehe hiyo. Mwajiri anawajibika kutoa likizo za namna hiyo nne kwa mfanyakazi mmoja. Marekebisho ya sheria za kazi ya mwaka 2025 yalimwongezea muda mama wa mtoto njiti, jambo lililokuwa limepigiwa kelele kwa miaka, kwa sababu mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati huweza kumaliza nusu ya likizo ya mama yake akiwa bado wodini. Zanzibar ina sheria yake.

Siku hizo 84 ni za kalenda, Jumapili na sikukuu zimo. Mama aliyeanza likizo wiki nne kabla ya kujifungua anabaki na siku 56 tu baada ya mtoto kuzaliwa, yaani wiki nane. Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto anyonyeshwe maziwa ya mama pekee kwa miezi sita. Kati ya wiki ya nane na mwezi wa sita kuna pengo la takriban miezi minne, na humo ndimo sheria ilimoingiza kipengele cha kunyonyesha: mwajiri amruhusu mama kumnyonyesha mtoto ndani ya saa za kazi, kwa muda usiozidi saa mbili kwa siku. Kipengele hicho kimo katika sheria ileile inayotoa likizo, kwa hiyo si hisani ya mtu.

Baba anapata siku tatu, nazo azichukue ndani ya siku saba tangu mtoto azaliwe. Nchini Kenya, Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inampa mama miezi mitatu kwa mshahara kamili na baba wiki mbili, nayo Sheria ya Afya ya 2017 inamtaka mwajiri atenge mahali pa kunyonyeshea au kukamulia maziwa. Uganda inatoa siku 60 za kazi kwa mama na nne kwa baba. Baba wa Dar es Salaam, ukilinganisha, anapata muda wa kumtoa mkewe hospitali, kununua beseni na kurudi kazini.

Kuna mlango mdogo wa nyuma. Mfanyakazi ambaye hajatimiza miezi sita kazini hana haki ya likizo yenye malipo. Sheria ililiona hilo na ikaeleza kwamba vipindi vifupi alivyomfanyia kazi mwajiri yuleyule ndani ya mwaka vijumlishwe. Hata hivyo, deiwaka wa kiwandani anayeandikwa jina asubuhi na kulipwa jioni ni nadra kuwa na karatasi ya kuthibitisha jumla hiyo.

Kwa nini mzigo umekuwa mzito

Mpangilio wa zamani wa malezi mijini ulisimama juu ya nguzo mbili: ndugu wa karibu, na msichana aliyeletwa kutoka kijijini. Zote mbili zimelegea. Bibi wa leo mara nyingi naye yuko sokoni au shambani, au anaishi mkoa mwingine kabisa. Msichana ambaye miaka 20 iliyopita angeletwa mjini kulea mtoto wa shangazi, sasa yuko kidato cha pili, maana ada ya sekondari ya kutwa kwa shule za umma Tanzania iliondolewa kuanzia mwaka 2016 hadi kidato cha nne. Hayo ni mafanikio, lakini yameacha kiti kitupu nyumbani ambacho hakuna aliyepanga nani atakikalia.

Jambo la tatu, ambalo halikuwahi kuwa imara, ni ukaribu wa nyumba na kazi. Kipengele cha saa mbili kinamchukulia mtoto kuwa yuko karibu na kazi. Kwa muuguzi anayeishi nyumba za hospitali, ni kweli. Kwa karani anayefanya kazi Posta, katikati ya Dar es Salaam, na kulala Chanika, pembezoni mwa jiji, saa mbili haziwezi kumfikisha nyumbani na kumrudisha. Ndiyo maana wengi huzitumia kwa kutoka kazini mapema: anaondoka saa nane mchana badala ya saa kumi, na mtoto ananyonya atakapofika. Mchana mzima uliotangulia, maziwa hujaa. Anachofanya mama huyo ni kujifungia chooni na pampu ya mkono, amesimama, chupa ameiweka juu ya tangi la maji, huku mtu akigonga mlango. Kisha chupa inafungwa kwenye mfuko na kusukumwa nyuma ya soda kwenye friji ya ofisi, ili asiulizwe. Ofisi hiyohiyo inaweza kuwa na ukumbi wa mikutano unaokaa wazi siku nne kwa wiki.

Hoja ya kwanza: mwajiri alipe mwenyewe

Msimamo wa kwanza unasema kwamba anayefaidi kazi ya mfanyakazi ndiye abebe gharama za maisha yanayomwezesha kufanya kazi hiyo. Nguvu yake ni urahisi. Hakuna fomu, hakuna foleni, mshahara unaingia tarehe ileile. Kampuni kubwa zimeonyesha kwamba inawezekana kwenda mbali kuliko sheria. Mwaka 2015 Vodafone ilitangaza kiwango kimoja kwa kampuni zake zote duniani: angalau wiki 16 za likizo kwa mshahara kamili, na baada ya hapo miezi sita ya kufanya kazi saa 30 kwa wiki bila mshahara kupunguzwa. Sehemu ya pili ndiyo yenye akili zaidi, kwa kuwa inagusa ile miezi minne ya pengo. Hesabu nyuma ya uamuzi wa namna hii ni kwamba kumpata na kumfundisha mtu mpya hugharimu fedha na muda, na mama mzoefu akiondoka moja kwa moja anaondoka na ujuzi wake. Mashamba makubwa ya chai ya Kericho, Kenya, nayo yana desturi ya vituo vya kulelea watoto ndani ya mashamba. Chai inataka mikono kila siku, na mama asiye na pa kumwacha mtoto haendi kuchuma.

Udhaifu unajitokeza pale mwajiri anapokuwa mdogo. Duka la dawa lenye wafanyakazi watano likimpa mmoja likizo ya miezi mitatu linalipa mishahara mitano kwa kazi ya wanne, kisha linalipa wa sita wa kushikilia nafasi. Mmiliki hana haja ya kuwa mtu mbaya ili aanze kuogopa kuajiri wasichana walioolewa karibuni. Sheria ya 2004 inakataza ubaguzi kwa misingi ya ujauzito, hali ya ndoa na majukumu ya familia. Lakini anayenyimwa kazi haambiwi sababu. Anaambiwa asubiri kupigiwa simu.

Chile imetoa funzo lililo wazi. Sheria ya huko inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi wanawake 20 au zaidi agharimie malezi ya watoto wao wadogo. Watafiti waliochunguza mishahara waligundua kwamba wanawake walioajiriwa na kampuni zilizovuka idadi hiyo walianza kazi kwa mshahara wa chini kwa asilimia 9 hadi 20. Huduma iliyoitwa bure ililipwa na wanawake wote wa kampuni hizo, hata wasiokuwa na mtoto. India nayo mwaka 2017 iliongeza likizo ya uzazi hadi wiki 26 na kudai kituo cha watoto katika sehemu za kazi zenye watu 50 au zaidi, na ikaacha mshahara wa likizo juu ya mwajiri. Angalau idadi ya 50 inahesabu wafanyakazi wote, wanaume kwa wanawake, na kwa hiyo haimpi mwajiri sababu ya kusimama kwenye mwanamke wa kumi na tisa kama ilivyo Chile. Kipengele kidogo cha sheria, lakini ndicho kinachoamua msaada utamwangukia nani.

Hoja ya pili: mfuko wa pamoja

Wanaopinga kumwachia mwajiri mmoja gharama wanasema uzazi ni jambo la jamii nzima, na gharama yake igawanywe kama ya bima. Fikra hii ina umri mkubwa. Mkataba wa kwanza wa kimataifa wa ulinzi wa uzazi, uliopitishwa Washington mwaka 1919, ulitoa wiki 12, na malipo yake yatoke hazina ya umma au bima, si mfukoni mwa mwajiri. Mkataba namba 183 wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 2000 ulipandisha muda hadi wiki 14 na kushikilia kanuni hiyo: mwajiri mmoja asibebeshwe peke yake gharama ya moja kwa moja, ingawa uliacha nafasi ya makubaliano na hali chache za pekee. Siku 84 za Tanzania ni wiki 12 kamili, kipimo cha mwaka 1919.

Katika Afrika Mashariki, Rwanda iliifuata njia hii kwa sehemu kubwa. Sheria ya mwaka 2016 ilianzisha mfuko wa likizo ya uzazi unaochangiwa asilimia 0.3 ya mshahara na mfanyakazi na asilimia 0.3 na mwajiri, kwa kila mfanyakazi, mwanamume na mwanamke. Mwajiri analipa wiki sita za mwanzo, na mfuko unalipa kipindi kinachofuata. Kwa mshahara wa faranga 200,000 kila upande unachangia faranga 600 kwa mwezi. Kwa kuwa mchango ni uleule kwa kila aliyeajiriwa, kipindi kinacholipwa na mfuko hakimpi mwajiri sababu ya kumchagua kijana wa kiume badala ya wa kike.

Tanzania iko katikati, na hapo ndipo mkanganyiko wa nani analipa ulipoanzia. NSSF ina fao la uzazi kwa mwanachama aliyetimiza masharti ya michango. Sheria ya ajira, kwa upande wake, inazungumzia likizo yenye malipo kama wajibu wa mwajiri, wala haiutaji mfuko kuwa mbadala wake. Mwajiri anayemwambia mfanyakazi "nenda kachukue NSSF" kisha akasimamisha mshahara anachanganya vitu viwili. Lakini lawama si yake peke yake, kwa maana sheria mbili zinazosimama kando bila kutazamana huzaa tafsiri za kila aina.

Mfuko nao una maradhi yake. Unategemea mwajiri awasilishe michango, na mfanyakazi aliyekatwa kila mwezi anaweza kugundua siku ya kudai kwamba michango haikufika. Malipo yakichelewa, yanamkuta mtoto ameshaanza kutambaa. Zaidi ya hayo, mfuko unaotegemea makato ya mishahara unamwacha nje mama lishe, msusi, mpagazi wa Kariakoo na kila asiye na hati ya mshahara. Hilo la mwisho ni doa kubwa, ingawa si hoja ya kurudi kwenye mfumo wa kwanza, kwani asiye na mwajiri hanufaiki na mfumo wowote kati ya hiyo miwili.

Hoja ya tatu: muda kwanza, zawadi baadaye

Mjadala wa ustawi umejaa vitu vinavyopendeza kwenye taarifa ya mwaka: mazoezi ya viungo Ijumaa, mtaalamu wa kuzungumzia msongo wa mawazo, programu ya simu ya kutuliza akili. Utafiti haujavipa heshima vinayopewa na idara za rasilimali watu. Katika Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, karibu wafanyakazi 5,000 waligawanywa kwa bahati nasibu, wengine wakapewa programu ya afya kazini na wengine wasipewe. Matumizi ya matibabu ya makundi hayo mawili hayakutofautiana kwa kiwango cha maana. Huko Uingereza, uchambuzi wa William Fleming wa Chuo Kikuu cha Oxford uliochapishwa 2024, uliotumia majibu ya wafanyakazi zaidi ya 46,000, haukuona kwamba walioshiriki programu za mtu mmoja mmoja, kama mafunzo ya kustahimili msongo, walikuwa na hali bora kuliko wenzao. Kumfundisha mtu kupumua vizuri hakupunguzi zamu ya saa 12.

Saa zenyewe ndizo zinazouma. Makadirio ya pamoja ya Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani ya mwaka 2021 yanaonyesha kwamba kufanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki kunaongeza hatari ya kiharusi kwa asilimia 35, ikilinganishwa na saa 35 hadi 40. Sheria ya Tanzania inaweka kikomo cha saa 45 za kawaida kwa wiki, na inaruhusu kwa makubaliano ya maandishi siku za hadi saa 12, mradi saa za wiki zisizidi hizo 45. Mlinzi wa getini anayefanya saa 12 kwa siku sita anafikisha saa 72.

Jambo linalogharimu kidogo zaidi ni ratiba inayotabirika. Katika jaribio lililofanywa kwenye maduka ya nguo ya Gap huko Marekani, maduka yaliyotuliza zamu za wauzaji yaliongeza mauzo kwa asilimia 7. Keshia wa supamaketi ya Dar es Salaam au Mombasa anayejulishwa kwa ujumbe wa WhatsApp saa tatu usiku kwamba kesho anaingia alfajiri hawezi kupanga na jirani nani atampokea mtoto. Kubandika zamu ukutani wiki mbili kabla kunahitaji karatasi na meneja anayeheshimu alichobandika.

Pamoja na ratiba kuna siku ya mshahara. Mshahara ukichelewa siku kumi, ada na kodi ya nyumba havisubiri, na pengo hilo huzibwa na mikopo ya kausha damu ambayo riba yake itakula mishahara miwili ijayo. Hakuna semina ya ustawi inayofikia thamani ya mshahara unaoingia tarehe iliyoahidiwa. Mwajiri anayetaka kuongeza neno anaweza kuidhamini SACCOS ya wafanyakazi, ili dharura ya mtoto isiishie kwa mkopeshaji wa mtaani.

Hoja hii nayo ina mipaka. Unyumbufu wa saa na kufanyia kazi nyumbani ni mali ya watu wa mezani. Mashine ya kusokota nyuzi haihami. Katika kampuni moja, ofisi ikipewa Ijumaa ya nyumbani na kiwanda kikanyimwa, kinachozaliwa ni kinyongo. Kazi ya anayetoka mapema pia haiyeyuki. Humwangukia mwenzake, mara nyingi kijana asiye na mtoto, ambaye naye ana mama mgonjwa wa kumpeleka kliniki. Sera inayotaja "wenye watoto" peke yao inajenga ukuta. Inayotaja majukumu ya familia kwa upana inabomoa sehemu yake.

Kupima mizani

Hoja hizi tatu hazishindani kama zinavyoonekana. Kila moja ina kipande chake cha mzigo. Mshahara wa likizo ndicho kipande kizito na chenye madhara zaidi kikiwekwa juu ya mwajiri mmoja, hivyo mahali pake ni mfukoni mwa wote. Muda, ratiba na tarehe ya mshahara viko mikononi mwa mwajiri peke yake, na hakuna mfuko unaoweza kuvitoa. Chumba cha kukamulia maziwa chenye kiti, kitasa kinachofunga ndani na friji ndogo kiko kwake pia, na duka la dawa lenye watu watano linaweza kutumia stoo iliyosafishwa. Kituo cha kulelea watoto ni habari nyingine: kinaleta maana kwenye shamba la chai au eneo la viwanda ambako waajiri kadhaa wanaweza kuchangia kimoja, na hakileti maana katikati ya jiji kwa mama ambaye ingembidi apande daladala mbili na mtoto mgongoni alfajiri. Kwake, kituo kilicho mtaani anakoishi, hata kwa ruzuku ndogo ya mwajiri, kinafaa zaidi ya chumba kilichopakwa rangi za katuni ghorofa ya tatu.

Likizo ya baba inastahili kuongezwa kwa sababu ambayo haitajwi sana. Kadiri mwanamume naye anavyotazamiwa kukosekana kazini mtoto anapozaliwa, ndivyo hofu ya kuajiri mwanamke inavyopungua uzito. Siku tatu hazibadilishi hesabu ya mwajiri yeyote.

Mnyororo huu wa kazi na malezi una mtu mmoja zaidi. Familia nyingi za wafanyakazi mijini ni waajiri pia: zimemwajiri dada wa kazi. Amri ya mishahara ya Tanzania iliyoanza kutumika Januari 2023 ilimwekea mfanyakazi wa nyumbani wa kawaida anayelala kwa mwajiri kima cha chini cha shilingi 60,000 kwa mwezi. Sheria ya 2004 haikumtenga: kikomo cha saa 45 ni chake, siku 84 ni zake akijifungua, na hata saa mbili za kunyonyesha. Siku yake ya kazi inaanza bosi anapotoka alfajiri na haiishi mpaka bosi arudi. Ofisi inayomshikilia mama hadi saa mbili usiku inamshikilia na huyu, bila kumjua jina.